Nyuso Mbili za Saa ya Thornclough

Thornclough, Lancashire
Jumapili, 5 Mei 1833

Mdogo wangu Jabez,

Habari ya kuhitimu kwako ilitufikia Jumatano. Niliitangaza kwa midomo kutoka mashine hadi mashine, na kabla ya kifungua kinywa wafumaji wote mia mbili na themanini walikuwa wamekwisha kujua kwamba mwana wa mzee Kershaw ni msomi wa Chuo Kikuu. Hujasahau lugha yetu, natumaini. Mashine zinanguruma hivi kwamba hata mtu akikupigia ukelele sikioni huambulii kitu; kwa hiyo tunasema bila sauti na kusomana midomo. Betty Ashworth, aliye dirishani, alinijibu kutoka upande wa pili wa banda: "Basi atuletee hizo akili huku. Za Crowther zimetuchosha."

Naam, ni Crowther huyo huyo wa ofisini, asiyejua lugha yetu ya midomo, ila sasa ndiye meneja wa kiwanda. Tangu Pasaka ametuwekea saa mpya ukutani, nayo ina nyuso mbili. Uso wa juu unakwenda sawa na saa ya kanisa. Uso wa chini umeunganishwa na gurudumu la maji linaloendesha mashine: gurudumu likienda mbio, mishale inakwenda mbio, likijikokota, nayo inajikokota. Mvua imegoma mwaka huu na mto umekonda. Sisi tunaingizwa kazini kwa uso wa juu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kutolewa kwa uso wa chini. Jana uso wa chini ulipofika saa moja na nusu jioni, wa juu ulikuwa umepita saa mbili na dakika kumi.

Nilimuuliza Crowther. Akasema, "Mama, wewe umeajiriwa na gurudumu. Gurudumu halijamaliza siku yake, wewe yako umeimaliza wapi?" Na ni marufuku kuingia na saa mfukoni. Atakayeonekana nayo anafukuzwa siku hiyo hiyo.

Ruth ametimiza miezi saba. Baba yake, marehemu Amos, angemwona angesema ana pua ya akina Kershaw. Kwa kuwa siku hizi nachelewa kurudi, Bi Hannah anayemlea amemwongezea matone yake ya kasumba, ile afyuni ya kulazia watoto, kutoka matatu hadi matano, ili asilie kabla sijafika. Analala vizuri mno. Leo nimekaa naye tangu asubuhi na bado amelala.

Wanasema tume ya Bunge itafika Juni kuuliza habari za muda wa kazi. Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao. Niambie nisemeje, lakini fanya haraka.

Dada yako,
Keziah


Glasgow, 13 Mei 1833

Dada yangu mheshimiwa,

Nimeipokea barua yako, na baada ya kusahihisha makosa kumi na manne ya tahajia, ambayo nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni kwa faida yako, nimeitafakari kwa umakini unaostahili.

Suala ulilolileta ni kubwa kuliko unavyodhani. Mwenye kiwanda anaweza kumiliki mto, gurudumu, ukuta na hata misumari ya ukutani, lakini hawezi kumiliki mwendo wa jua. Jua halina mwajiri. Mtu anayetundika nyuso mbili mahali pamoja anadai kwamba kweli na uongo vinaweza kuishi chini ya dari moja na kugawana kazi. Nao wahenga walikwisha kusema, lila na fila hazitangamani. Nimeyaeleza haya kwa ukamilifu katika waraka wa kurasa saba ninaouambatisha. Uwasilishwe kwa tume kama ulivyo, bila kupunguza neno.

Ama kuhusu wewe kusimama mbele yao na kusema, kwa heshima zote, siioni busara yake. Wakili wa kiwanda atayacheka matamshi yako kabla hajazijibu hoja zako. Acha waraka useme. Ningekuja mwenyewe, ila nimekwisha kujifunga kuwafundisha Kilatini wana wa mfanyabiashara mmoja hapa hadi mwisho wa Julai.

Hata hivyo, waraka bila kipimo ni maneno matupu. Kwa hiyo nakuletea saa ya mfukoni ya baba, kwa mkono wa mhubiri mmoja anayekuja huko, ambaye ameahidi kuitia ufunguo kila siku njiani. Ifiche mwilini, ingia nayo kazini, uandike kila siku saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Haraka unayoitaja siielewi. Mambo ya msingi hayaozi kwa kungojwa. Nafurahi kusikia mtoto analala vizuri. Usingizi ni nusu ya malezi.

Jabez Kershaw,
Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow


Thornclough
Jumapili, 26 Mei 1833

Jabez,

Umeandika kwamba unafurahi Ruth analala. Soma tena barua yangu. Soma ile karatasi yangu yenye makosa kumi na manne, uangalie palipoandikwa kasumba.

Haamki kunyonya. Nikimfinya mguu anafumbua jicho moja, ananitazama kama mgeni, analifumba. Mikono yake imekuwa kama miguu ya ndege. Bi Hannah si mtu mbaya; anawalea wanane, ana mikono miwili, na mama zao wote tuko kiwandani hadi uso wa chini utakapopenda. Kila nusu saa wanayoiongeza kule, huku inaongezwa tone. Jumatatu yalikuwa sita. Mtoto wa Nancy Holt alipewa saba wiki iliyopita, naye tulimzika Alhamisi. Ndiyo haraka yangu hiyo.

Saa ya baba imefika salama. Naiweka kifuani chini ya gauni, nikihofia Crowther atausikia mlio wake, ingawa ndani ya banda lile hata radi haisikiki. Lakini iko nyuma ya saa ya kanisa kwa dakika nane. Niisogeze?

Huku tuna kipimo chetu pia. Betty amepangusa kioo kimoja cha dirisha kwa mate na kona ya aproni, na kupitia hapo anauona mnara wa kanisa. Kila jioni, saa moja na nusu ya kanisa inapofika, anasema kwa midomo, "Sasa." Neno linapita mashine kwa mashine hadi kwangu ukutani. Tangu hapo hadi tunapoachiwa, kila robo saa ya mnara akiniambia napiga fundo moja kwenye uzi. Uzi mmoja kwa siku moja. Nina nyuzi kumi na nane.

Waraka wako tumeusoma kwa zamu. Betty alisinzia ukurasa wa tatu, lakini anasema kile kipande cha jua lisilo na mwajiri ni kizuri.

Keziah


Glasgow, 3 Juni 1833

Dada yangu,

Nimesoma tena. Nisamehe. Nilipita juu ya neno lile kama mtu anayevuka shimo bila kujua kwamba ni kaburi. Nenda ukaseme mbele ya tume. Nimeiondoa pingamizi yangu.

Lakini kuhusu saa, nakuomba usiiguse kabisa. Niliitega mwenyewe kwa saa ya Chuo. Saa ya kanisa lenu inatunzwa na mzee anayepanda ngazi siku anapokumbuka. Haifai elimu ipige magoti mbele ya kengele ya kijiji. Ikiwa saa hizo zinatofautiana, basi kanisa ndilo lililokosea.

Na hayo mafundo ya nyuzi yaache nyumbani. Tume si soko la sufu. Weka mbele yao namba zilizotoka kwenye chombo cha kweli, uone kama atakuwapo wa kukucheka.

J. Kershaw


Thornclough
Jumapili, 23 Juni 1833

Mdogo wangu,

Walicheka.

Tume ilikaa Alhamisi katika ukumbi wa juu wa nyumba ya wageni. Kamishna ni mtu mnene mwenye macho ya upole, na alikuwa na karani mwembamba. Kushoto walikaa Crowther na wakili wa kiwanda. Sisi tulikuwa kumi na wawili, tumevaa viatu vyetu vya mbao na kofia za kanisani.

Wakili, aliyekwisha kuambiwa kwamba mashine zimeniharibu masikio, alianza kwa kunong'ona makusudi, "Mama Keziah, unanisikia?" Nikamjibu, "Sikusikii bwana, ila nakuona." Watu wakatabasamu, na nilidhani mambo yatakuwa mepesi.

Nikatoa saa ya baba na karatasi ya namba. Nilisema kama ulivyonifundisha, kwamba ilitegwa Chuo Kikuu na haijaguswa. Wakili akaipokea kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza, akangoja. Kengele ya kanisa ikapiga saa nne asubuhi. Akaiinua juu watu wote waione.

"Saa nne kasoro dakika nane," akasema. "Mheshimiwa, leo kuna mwongo mmoja hapa Thornclough. Ama ni nyumba ya Mungu, ama ni saa ya mama huyu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, hata mtoa chai. Najua unachotaka kusema sasa hivi: kwamba saa ikikosea sawasawa asubuhi na jioni, urefu wa siku haubadiliki. Nililisema hilo. Nililisema mara mbili. Lakini hesabu haiingii mahali ambapo kicheko kimekalia viti vyote. Kamishna aliisukuma karatasi yangu pembeni kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kicheko.

Nilikaa chini. Nilimfikiria Ruth, aliyepewa matone saba asubuhi ile kwa sababu nilijua tutachelewa. Basi nikamtazama Crowther, kwa kuwa sikuwa na kwingine pa kutazama. Alikuwa amemwinamia wakili, kiganja kimefunika mdomo upande wa kamishna. Upande wangu hakuufunika. Nani anamficha kiziwi?

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, Bwana Crowther amesema maneno haya: 'Akitaka kuiona saa, apelekwe leo leo. Nimeitenganisha na gurudumu tangu jana, nyuso zote zinakwenda sawa. Kesho naiunganisha tena.'"

Crowther akawa mweupe kama pamba. "Sijatamka kitu!" akasema. "Mwanamke huyu ni kiziwi, wote mmeshuhudia. Amesikia kwa kutumia nini?"

"Kwa macho," akasema Betty nyuma yangu. "Na wewe bwana unasema vizuri sana, meno yako yote yanaonekana."

Kamishna aliiweka kalamu mezani. Kisha akamtuma karani wake hadi mlangoni, hatua thelathini, akamwamuru aseme neno lolote bila sauti. Karani alifikiri, akachezesha midomo. Nikasita, maana sikujua kama ni adabu kulirudia.

"Sema, mama," kamishna akaniambia.

"Amesema, 'Nina njaa, na mheshimiwa huyu akianza kuuliza hana breki kama gari lililokatikiwa na farasi.'"

Karani alishika kichwa. Kamishna alicheka hadi machozi, lakini alipomaliza kucheka hakumtazama karani. Alimtazama Crowther. Akaomba kofia yake, tukaenda wote kiwandani. Nyuma ya saa ile alikuta mnyororo uliotoka kwenye gurudumu, umefunguliwa, bado unang'aa mafuta mabichi. Ndipo nilipomwekea mkononi nyuzi zangu thelathini na tisa. Nikamwambia kila fundo ni robo saa tuliyozidishiwa. Alihesabu mafundo ya uzi wa kwanza kwa kidole gumba, polepole, akauliza, "Hii ni siku moja?"

Nikasema ni siku moja.

Ameziandika zote, na ameondoka nazo. Sheria, ikija, itakuja kwa miguu kutoka London. Ijumaa asubuhi Crowther aliuunganisha mnyororo kama alivyosema. Halafu akauondoa uso wa juu. Umebaki wa chini peke yake. Mimi hakunifukuza, nadhani anaogopa majina yaliyo kwenye daftari la kamishna. Ila Ruth leo hakufumbua hata jicho moja.

Keziah


Glasgow, 28 Juni 1833

Dada Keziah,

Saa ya baba haikuwa mbovu, wala kanisa halikukosea. Lancashire iko mashariki ya Glasgow, na jua huwafikia ninyi kabla yetu kwa muda wa dakika nane. Kila mji una adhuhuri yake. Nilifundishwa hilo mwaka wa pili. Niliulizwa kwenye mtihani, nikalijibu vizuri, nikasifiwa. Kisha nikakuamuru uende mbele ya adui na adhuhuri ya mji mwingine kifuani.

Uliniuliza kwa neno moja: niisogeze? Jibu lilikuwa ndiyo. Betty, kwa kioo kilichopanguswa kwa mate, alikuwa na kipimo sahihi kuliko changu, kwa sababu alikuwa anatazama jua la mahali anapofanya kazi. Mimi niliyeandika kwamba jua halina mwajiri nililiajiri Chuoni.

Nimeandika barua kwa gazeti moja hapa. Nilianza kwa hoja zangu, nikazifuta. Nikanakili maneno yako ya Mei kuhusu matone, kisha yale ya tangu "Walicheka" hadi mwisho, bila kusahihisha herufi hata moja. Usiporidhia, sitaipeleka.

Lakini gazeti halimwamshi mtoto. Umesema uso wa juu umeondolewa. Je, mnara wa kanisa umeondolewa? Kioo cha Betty kimezibwa? Mna lugha ambayo Crowther hana, na wafumaji mia mbili na themanini wanaoweza kulipata neno moja kwa wakati mmoja bila yeye kusikia. Sikuelekezi. Nimekoma kuelekeza. Nauliza tu, kama mtu asiyejua.

Na nikija Agosti, nitasimama wapi niwe na faida?

Mdogo wako,
Jabez


Thornclough
Jumapili, 7 Julai 1833

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako ilifika Jumatatu saa ya chakula cha mchana. Niliisoma nimesimama uani, mkate mkononi. Nilipofika kwenye swali lako la kioo nilimtazama Betty, naye akanisoma usoni kabla sijafungua mdomo. "Leo?" akauliza. Nikamwambia leo. Mchana kutwa neno lile lilizunguka banda zima, na kila lilipofika mwanamke alitikisa kichwa kukubali, akaendelea na uzi wake. Crowther alipita katikati yetu mara tatu. Alidhani tunasengenya.

Jioni ile Betty hakuondoa jicho kwenye kioo. Uso wa chini ulikuwa unajikokota kwenye saa kumi na mbili na dakika hamsini. Betty akageuka, akasema kwa midomo, "Sasa."

Jabez, hujapata kusikia kitu kama kile. Mashine mia mbili na themanini zilisimama. Hazikusimama kwa pamoja kabisa. Zilisimama kama mvua inavyokatika, ya hapa, ya pale, ya mwisho kule kona. Kisha kimya. Nimefanya kazi katika banda lile miaka kumi na moja na sikujua kwamba ukiwa ndani unaweza kuusikia mto.

Crowther alikuja mbio. "Nani amewaambia?" akafoka. Nilimsikia kwa masikio yangu haya haya, maana hakukuwa na kitu kingine cha kusikia. "Nauliza, nani ametoa amri?"

Hakuna aliyemjibu kwa sauti. Tulivaa shali zetu. Betty alimsogelea, akamwambia kwa midomo tu, taratibu, kama mtu anavyomfundisha mtoto kusema. Crowther alimkodolea macho, hakuambulia kitu. Sitakuandikia alichoambiwa, karatasi hii nataka kuihifadhi.

Tumefanya hivyo siku zote sita. Jumanne alifunga lango. Tulisimama mbele yake na watoto wengine walikuja hadi huko nje kutulaki, akalifungua. Jumatano alisema atatufukuza sote. Tukamwambia sawa, na mashine akaziendeshe yeye na gurudumu lake. Hatujui kesho ataleta nini. Tunajua saa moja na nusu ni lini.

Gazetini peleka, ila usilitaje jina la Nancy Holt. Bado haongei na mtu. Makosa ya tahajia yaache, ni ya kwangu.

Umeuliza utasimama wapi ukija. Simama dirishani na aproni, upanguse kioo. Betty ameishiwa mate.

Saa ya baba nimeisogeza mbele dakika nane. Usikasirike.

Nami sasa nafika nyumbani jua bado liko juu ya paa. Bi Hannah alipunguza hadi matone matatu, Alhamisi likawa moja, na jana nilimkuta akikiosha kichupa cha kasumba, machozi yanamtoka. Leo asubuhi Ruth alifumbua macho yote mawili, akanitazama, akakunja uso wake wa akina Kershaw, akaanza. Hajanyamaza tangu kanisani. Analia hadi majirani wamegonga ukuta, nami hata kwa masikio yangu haya mabovu namsikia, Jabez, kila pumzi, namsikia vizuri kabisa.

Dada yako,
Keziah